Mzee wa dainamo na lenzi unazovaa machoni

Wewe wa Giakanja, najua umewaona. Mtu anapanda matatu asubuhi kwenda Nyeri mjini akiwa na macho yake ya kawaida, jioni anarudi na ya kijani. Mwingine amevaa lenzi kwa sababu haoni ubao na miwani hataki hata kuisikia. Lenzi hizo laini, za urembo na za kuonea, zina babu mmoja, mwanakemia wa Czechoslovakia aliyeitwa Otto Wichterle. Ukijua alivyozitengeneza, utaelewa pia kwa nini hufai kuziosha na maji ya tangi.

Alizaliwa 1913 katika mji wa Prostějov, ambako familia yake ilikuwa na kiwanda cha mashine za kilimo. Angerithi kiwanda akae raha mustarehe, lakini akaenda Prague kusomea kemia. Ndipo Wajerumani wa Hitler wakavamia nchi, na 1939 wakafunga vyuo vikuu vya Kicheki. Akapata kazi katika kampuni ya viatu ya Baťa (ndiyo, hii hii yenye kiwanda pale Limuru), na huko akabuni uzi wa plastiki ulioitwa silon. 1942 Gestapo wakamkamata, akakaa ndani miezi kadhaa.

Vita vikaisha, akarudi Prague kufundisha. Mwaka wa 1952 alikuwa kwenye gari moshi, na abiria aliyeketi karibu naye alikuwa akisoma makala kuhusu madini yanayotumika kutengenezea jicho bandia. Wichterle akaona hiyo ni kazi ya ovyo. Jicho ni kitu chenye maji, kwa hivyo chochote kinachowekwa humo nacho kinafaa kuwa na maji. Yeye na mwenzake Drahoslav Lím wakaunda plastiki inayonyonya maji hadi karibu asilimia 40 ya uzito wake, ikawa laini na yenye kuona ng'ambo.

Hapo tusimame kidogo. Lenzi za zamani zilikuwa za kioo, baadaye plastiki ngumu, na kuzivaa kulikuwa mateso kwa wengi. Hii mpya ilikuwa tamu machoni kwa sababu inakunywa maji. Lakini kitu kinachokunywa maji hakichagui maji. Ukiiosha kwa maji ya mfereji, ya kisima au ya mvua, unaweza kuibandikia mdudu mdogo anayeitwa Acanthamoeba, anayeishi kwenye maji hata yale yanayoonekana safi kabisa. Akifika jichoni hula ile sehemu angavu ya mbele. Maumivu yake si ya mchezo, na watu wamepofuka. Mate nayo usijaribu, bana.

Turudi kwa mzee. Lenzi zake za kwanza, zilizomiminwa kwenye vifinyango vilivyofungwa, zilikuwa zikichanika kingo. 1958 akafukuzwa chuoni kwa sababu za kisiasa. Baadaye akapewa taasisi mpya aiongoze, lakini Wizara ya Afya ikaona mambo ya lenzi hayana maana, ikayasimamisha.

Akayabeba nyumbani. Krismasi ya 1961, mezani kwake, alichukua vyuma vya kuchezea vya watoto vinavyoitwa Merkur, ndugu wa zile gari za waya tulizotengeneza, akafunga dainamo ya baiskeli na transfoma ya kengele ya mlango. Kifinyango kikazunguka, tone la plastiki likasambaa lenyewe na kugandia humo likiwa na kingo laini. Alipata lenzi nne, akazijaribu kwa macho yake. Nguvu hazikumfaa, lakini hazikuuma. Mkewe, aliyekuwa daktari, akaingia kazini pia, na katika miezi minne ya kwanza ya 1962 walitengeneza zaidi ya lenzi 5,000 mle nyumbani.

Pesa? Serikali iliuza hataza kwa Wamarekani 1965, na yeye akaambulia kidogo sana. Bausch & Lomb wakapata idhini ya kuziuza Marekani 1971. Kufikia hapo alikuwa tayari amevuliwa ukurugenzi, kwa sababu 1968 alitia sahihi waraka wa kudai mageuzi. Hakutoroka nchi. Ukomunisti ulipoanguka, mwaka wa 1990 akafanywa rais wa Chuo cha Sayansi cha nchi yake.

Lenzi za kurudia zinasuguliwa kwa dawa yake kila zinapotoka, dawa ya jana inamwagwa, na kile kikopo chake kinabadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Usilale nazo. Za siku moja zinatupwa jioni, hata kama zinaonekana bado fiti, na kumwazima rafiki zile za kijani apige picha ni kumwazima vijidudu vyako. Jicho likiwa jekundu na likiuma, zitoe umwone daktari wa macho siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Wichterle alifariki Agosti 18, 1998, katika nyumba yake ya mashambani huko Stražisko. Lenzi za siku moja zilikuwa tayari madukani. Yeye, katika picha zake nyingi, amevaa miwani.