Isaac Singer: Mwigizaji aliyeiingiza cherehani majumbani

Katikati ya karne ya 19, kushona shati moja la mwanamume kwa mkono kulichukua takriban saa 14. Kwa cherehani, kazi hiyo hiyo ilikwisha kwa muda uliozidi kidogo saa moja.

Jina lililoshikamana na mabadiliko hayo ni la Isaac Merritt Singer, ingawa si yeye aliyebuni cherehani ya kwanza.

Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1811 katika jimbo la New York, Marekani. Aliondoka nyumbani angali mdogo, akajifunza ufundi wa mitambo, lakini moyo wake ulikuwa jukwaani. Mwaka 1839 aliuza haki za mashine yake ya kutoboa miamba, na fedha hizo zikaishia katika kikundi chake cha maigizo.

Mwaka 1850 alikuwa Boston, hana kitu, katika karakana ya Orson Phelps. Cherehani zilizoundwa humo ziliwasumbua wanunuzi, kwani kifaa cha uzi wa chini kilikwenda kwa mzunguko na kuuharibu uzi. Singer alikifanya kiende mbele na kurudi nyuma. Sindano iliyonyooka ilipanda na kushuka, na kiguu cha chuma kikakandamiza kitambaa kisiinuke. Mtambo uliendeshwa kwa kukanyaga, hivyo mikono yote miwili ikawa huru kuongoza nguo. Alipata hataza tarehe 12 Agosti 1851.

Lakini sindano yenye tundu karibu na ncha, na mshono wa nyuzi mbili zinazofungana, vilikuwa tayari katika hataza ya mwaka 1846 ya Elias Howe, fundi wa Massachusetts. Howe alishitaki, na mwaka 1854 Singer akalazimika kumlipa dola 15,000. Miaka miwili baadaye makampuni makubwa yaliunganisha hataza zao, na Howe akawa anapata malipo kwa kila cherehani iliyouzwa. Alitajirika, ila umaarufu ulibaki kwa mwenzake.

Mashine za kwanza za Singer zilikuwa nzito, zikikusudiwa mafundi na viwanda. Aliyeshonea watoto wake nyumbani alihitaji chombo kingine, chepesi na cha kuvutia sebuleni. Mwaka 1856 kampuni ilitoa cherehani ndogo ya nyumbani, na mwaka 1865 ikatoa iliyo bora zaidi, New Family.

Kulikuwa na watu waliodai kwamba mwanamke hawezi mitambo. Singer, mwigizaji hadi mwisho, aliwajibu kwa maonyesho: wasichana walishona madukani mbele ya macho ya wapita njia.

Kikwazo kilikuwa bei. Cherehani iligharimu dola 100 au zaidi, wakati familia ya kawaida ilipata kama dola 500 kwa mwaka. Edward Clark, mwanasheria na mshirika wa Singer, alianzisha utaratibu wa mteja kutoa kiasi kidogo, kuichukua cherehani, kisha kulipa kila mwezi. Pengine mpango huo uliwafaa akina mama kuliko uvumbuzi wowote wa chuma.

Kaya za Singer mwenyewe hazikuwa na utulivu. Mwaka 1860 ilibainika mjini New York kwamba alikuwa na familia kadhaa kwa wakati mmoja, naye akakimbilia Ulaya. Mwaka 1863 alimwoa Isabella Boyer wa Paris. Watoto wake wote walizidi 20.

Alifariki tarehe 23 Julai 1875 mjini Paignton, Uingereza, kabla jumba lake la fahari halijakamilika. Aliacha zaidi ya dola milioni 13, na warithi wakakutana mahakamani.

Mwaka 1885 kampuni ilifungua kiwanda kikubwa huko Clydebank, Scotland. Cherehani nyeusi za Singer, zenye maandishi ya rangi ya dhahabu, zilisambaa duniani, zikafika hadi kwenye baraza za mafundi wa Afrika Mashariki. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Baadhi ya cherehani zake zingali zinashona.