Padri wa Ars na Shule Yake ya Kalasi Moja



Jina la Mtakatifu Yoane Maria Vianney si geni kwa mtu yeyote kati yetu. Tangu mwaka 1929 maparoko wa dunia nzima wamewekwa chini ya ulinzi wake, na picha yake tunaijua: mzee mwembamba, nywele nyeupe ndefu, stola shingoni. Watu wakisimulia habari zake hutaja kwanza kiti cha kitubio, na wakosefu waliongoja zamu yao tangu usiku. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini alikuwa na kazi nyingine aliyoipenda kama mzazi apendavyo mwana wake, nayo ni masomo ya wasichana aliyoyafungua katika nyumba ndogo karibu na kanisa. Habari za masomo yale hazisimuliwi sana. Hapa kwetu, ambako parokia nyingi zilianza na kanisa la majani, katekista mmoja, na watoto wa kila umri wakisoma pamoja chini ya paa moja, yafaa zijulikane.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Wazazi wake, Matthieu Vianney na Marie Beluse, walikuwa wakulima, naye alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Alipokuwa na miaka mitatu yakaanza yale mapinduzi makubwa ya mwaka 1789. Makanisa yakafungwa, na mapadri waliokataa kula kiapo cha serikali wakawindwa kama wanyama. Misa ikasomwa kwa siri, usiku, katika maghala ya wakulima. Mtoto huyu alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 katika nyumba ya mtu huko Écully, madirisha yamefungwa, na nje magari ya majani makavu yamewekwa mbele ya madirisha ili mwanga wa mishumaa usionekane.

Na masomo je? Mwaka 1795 mwalimu mmoja aitwaye Dumas alifungua shule kijijini Dardilly wakati wa baridi, wakati ambapo shamba halina kazi. Yoane Maria, mwenye miaka tisa, akajifunza hapo kusoma, kuandika na kuhesabu. Baridi ilipokwisha, watoto walirudi kwenye kondoo na majembe. Kwa utoto wake, hayo ndiyo masomo karibu yote aliyoyapata.

Basi alipofika miaka ishirini hivi, akitaka upadri, ilimpasa kuanza Kilatini pamoja na watoto. Padri Charles Balley, paroko wa Écully, alikuwa amekusanya wanafunzi wachache nyumbani mwake. Kijana mkubwa huyu, mikono migumu ya jembe, aliketi kati yao na maneno hayakukaa kichwani. Siku moja mwenzake Mathias Loras, mdogo wake kwa miaka sita, alichoka kumweleza somo lile lile, akampiga kofi mbele ya wote. Vianney akapiga magoti mbele ya yule mdogo akamwomba msamaha. Loras akaanza kulia, nao wakawa marafiki. Baadaye yeye alikuwa Askofu wa kwanza wa Dubuque, Marekani.

Mwaka 1809 aliitwa jeshini kwa vita vya Napoleon. Aliugua njiani, kikosi kikamwacha, na mtu aliyekutana naye akampeleka milimani katika kijiji cha Les Noës. Hapo akabaki amejificha kama mtoro, kwa jina la uongo la Jérôme Vincent. Sura hii ya maisha yake imewasumbua baadhi ya waandishi, nao hupita haraka. Sisi hatuna haja ya kuipita, kwa maana huko mafichoni ndiko alikoanza ualimu: aliwakusanya watoto wa kijiji na kuwafundisha kusoma na katekisimu. Msamaha wa serikali ulipotoka mwaka 1810, na mdogo wake François akakubali kwenda jeshini kwa ajili yake, aliweza kurudi kwao.

Seminari kubwa ya Lyon ilimpokea mwaka 1813, na baada ya miezi michache ikamrudisha, kwa sababu hakufuata masomo ya Kilatini. Padri Balley hakukata tamaa: akamfundisha tena mwenyewe na kumtetea kwa wakubwa. Tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29, Vianney akapewa upadri huko Grenoble.

Mwezi wa Februari 1818 alitumwa Ars. Kilikuwa kijiji cha watu 230 hivi, nyumba za udongo zilizotawanyika, kanisa dogo ambalo hata cheo cha parokia lilikuwa halijapata. Huko watoto walifanya kazi shambani mara walipopata nguvu kidogo. Shule ya kudumu haikuwapo. Wakati wa baridi watu walimkodi mwalimu kutoka mahali pengine, naye akawafundisha wavulana na wasichana pamoja kwa miezi michache, kisha akaenda zake. Wasichana ndio waliopotea zaidi. Walikua bila kujua kusoma, wakapelekwa utumishi katika nyumba za watu, na mayatima walizunguka wakiomba chakula. Padri aliona kwamba kuhubiri juu ya wazazi hakutoshi, maana wazazi wenyewe hawakuwa wamefundishwa.

Akachagua wasichana wawili wa kijiji hicho, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet, akawapeleka kwa Masista wa Mtakatifu Yosefu huko Fareins wajifunze kazi ya kufundisha. Mwaka 1824 akanunua nyumba moja karibu na kanisa. Chini palikuwa na chumba kikubwa: hicho ndicho kalasi. Juu ni mahali pa kulala. Akaiita Providence, yaani Maongozi ya Mungu. Catherine alikuwa na miaka 18 tu. Hakuna aliyelipa chochote, wala mtoto wa kijiji, wala aliyetoka vijiji vya jirani.

Wakaja wengi kupita nafasi. Tangu mwaka 1827 hivi nyumba ikawekwa kwa ajili ya mayatima na wasichana walioachwa, nao wakala na kulala humo. Ilipobidi kuipanua, Padri mwenyewe alibeba mawe na kuchanganya udongo pamoja na waashi. Akajiunga nao Jeanne-Marie Chanay, mwanamke wa nguvu, aliyeshika kazi ya kuoka mikate na kufua. Wasichana walifika hata 60. Walijifunza kusoma na kuandika, kushona, kufuma, kufua, na mambo ya dini. Walikaa mpaka Padri alipoona wanaweza kujitegemea, ndipo akawatafutia kazi katika nyumba njema au akasaidia ndoa zao.

Fedha? Ilitoka popote. Aliuza alivyokuwa navyo, aliomba kwa matajiri, na mara nyingi hapakuwa na kitu. Ngano ya mayatima iliwekwa darini, katika nyumba ya Padri. Mwaka mmoja, mnamo 1829, mavuno yakiwa mabaya, ilibaki punje kidogo tu sakafuni. Padri akaweka katika punje zile masalio ya Mtakatifu Fransisko Regis, ambaye alimheshimu sana tangu ujana, akawaomba watoto wasali, kisha akamtuma Jeanne-Marie kuchukua iliyobaki. Yule mama alieleza kwamba mlango ulifunguka kwa shida, na ngano ikamwagika. Safari nyingine unga wa mikate michache ulitoa mikate mikubwa kumi. Wanawake hawa walishuhudia hayo, na Kanisa liliusikiliza ushuhuda wao kwa makini. Nasi tunaona jambo jingine humo: waliokwenda darini kutafuta ngano walikuwa wanajua vizuri sana kwamba hakuna.

Kila siku saa tano kabla ya adhuhuri Padri aliingia katika kalasi ile kufundisha katekisimu. Alifundisha kwa mifano ya shamba, ya ndege, ya maji, ya mikate inayotoka tanuruni. Watu wazima wakaanza kusimama mlangoni wasikilize, kisha wageni, kisha mapadri na wasomi wa mijini. Wakati wahujaji walipoanza kuja Ars kwa maelfu, chumba kikawa kidogo, na mafundisho yakahamishiwa kanisani. Lakini yalizaliwa mbele ya mayatima, na lugha yake ilibaki ile ya kusemea watoto. Baada ya mafundisho Padri alikuwa akila chakula chake humo humo kwa mayatima, mara nyingi amesimama, maziwa kidogo au viazi.

Sasa tufike kwenye uchungu wake. Wavulana walikuwa wamepata mwalimu wao, Jean Pertinand, tangu mwaka 1838. Sheria ya mwaka 1833 ilikuwa imeamuru kila kijiji kiwe na shule ya wavulana. Mwaka 1849 walikuja Mafurere wa Jamaa Takatifu wa Belley. Kwa wavulana mambo yalikwenda kwa amani. Kwa Providence ilikuwa tofauti. Wakaguzi, baadhi ya mapadri, na watu wa Ars wenyewe walianza kunung'unika: walimu hawana diploma, masomo ni kidogo, vyumba vimejaa mno, usafi haufai, mayatima wa kutoka mbali wanakula nafasi ya watoto wa kijiji. Si maneno ya chuki yote. Catherine alikuwa amesoma kwa muda mfupi tu, na mtu mwaminifu hawezi kusema kwamba watu sitini walikaa vizuri katika nyumba ile. Nyakati zilikuwa zimebadilika, na serikali ilidai kwa walimu mambo ambayo haikudai mwaka 1824.

Askofu Devie wa Belley akataka shule ikabidhiwe Masista. Mwezi wa Novemba 1847 mapatano yakatiwa sahihi na Masista wa Mtakatifu Yosefu wa Bourg, nao wakaingia nyumbani mwaka uliofuata. Padri Vianney alitii. Alisema wazi kwamba yeye hakuona katika jambo hili mapenzi ya Mungu, ila Askofu ameyaona, na hiyo yamtosha. Masista walifundisha vizuri kuliko waliowatangulia, na wasichana wa Ars walifaidika. Lakini makao ya mayatima yakafungwa, na nyumba ikawa shule ya mchana. Tukiulizwa kama uamuzi ule ulikuwa wa haki, twaweza kujibu kwamba ulikuwa wa haki kwa shule, na kwamba mayatima hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Catherine na Jeanne-Marie walitoka wakiwa wamemaliza zaidi ya miaka ishirini bila mshahara. Benoîte alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1830. Catherine hakuondoka kijijini. Akatunza nguo za kanisa na chakula cha Padri, ambaye sasa alikaa kitubioni saa kumi na mbili hata kumi na sita kwa siku. Mara tatu mzee alijaribu kukimbia Ars ili apate upweke wa kulilia dhambi zake, mwaka 1840, 1843 na 1853, na mara zote alirudi. Askofu alipomvika kijoho cha ukanoni mwaka 1852, alikiuza kwa faranga 50, akatoa fedha ile kwa matendo yake mema.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1859, saa nane za usiku, akiwa na miaka 73.

Kesi ya kuchunguza utakatifu wake ilipofunguliwa mwaka 1862, Catherine Lassagne aliitwa kati ya mashahidi. Alikuwa ameandika daftari la kumbukumbu za Padri wake: alichokula, alichosema kwa watoto, jinsi ngano ilivyopatikana, siku Masista walipokuja. Wote walioandika maisha ya Mtakatifu baada yake wamechota humo. Alikufa kule kule Ars mwaka 1883. Papa Pio X alimtangaza Padri wake kuwa mwenye heri tarehe 8 Januari 1905, na Papa Pio XI akamwandika kati ya watakatifu tarehe 31 Mei 1925.