James Spangler na Mashine ya Kufyonza Vumbi

James Murray Spangler alizaliwa Marekani mwaka 1848. Uzeeni alifanya kazi ya kusafisha duka kubwa mjini Canton, katika jimbo la Ohio. Chombo alichotumia kufagilia mazulia kilitimua vumbi jingi, naye alikuwa na ugonjwa wa pumu. Alikohoa na kupumua kwa shida. Akiacha kazi, angekosa riziki. Akiendelea, angezidi kuugua.

Spangler hakukata tamaa. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, sanduku la sabuni, foronya na mpini wa ufagio, akaviunganisha. Feni ilipozunguka, ilisukuma hewa kutoka sandukuni. Hewa ya nje ikaingia kwa nguvu kupitia chini, ikibeba vumbi. Foronya ilipitisha hewa, lakini ilizuia vumbi.

Mwaka 1908 serikali ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliuza haki zake kwa William Hoover, aliyetengeneza mashine hizo kwa wingi. Spangler alifariki mwaka 1915.

Hata leo, mashine ya namna hii ikishindwa kufyonza, fundi hufuata njia ya hewa. Kwanza huchomoa waya wa umeme. Kisha hutazama kama mfuko umejaa, mdomo umeziba, au mkanda unaozungusha burashi umekatika. Mara nyingi kasoro ni ndogo.

Maswali
1. Kwa nini Spangler alihitaji chombo kipya?
2. Mfuko ukijaa vumbi, kwa nini mashine haifyonzi vizuri?
3. Kwa nini umeme huondolewa kabla ya kuifungua mashine?