Okot p'Bitek: Aliyejitambua akiwa ugenini

Mshairi Okot p'Bitek alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Kiacholi.

Mwaka 1956 alisafiri hadi Uingereza pamoja na timu ya kandanda ya Uganda. Wenzake waliporejea, yeye alibaki masomoni. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na tamaduni Oxford. Huko alishtushwa na wahadhiri waliowataja Waafrika kama washenzi, ilhali yeye mwenyewe ameketi darasani. Alipinga, lakini hakukata tamaa. Aliuelekeza utafiti wake kwenye nyimbo za Waacholi na Walango, urithi aliokulia nao.

Mwaka 1966 ulichapishwa Wimbo wa Lawino, kilio cha mke ambaye mumewe anaudharau utamaduni wao. Baadaye, serikali ilipomwachisha kazi, alihamia Kenya, ng'ambo ya mpaka ambao wakazi wa Busia na Tororo huuvuka kila siku, akafundisha Kisumu na Nairobi.

Alirejea Kampala kufundisha Makerere, akafariki dunia Julai 1982.