Robert Moses: hakuchaguliwa na raia, lakini ndiye aliyechagua barabara za New York

Kwa zaidi ya miaka 40, mtu mmoja katika mji wa New York, Marekani, aliamua daraja lijengwe wapi, barabara ipite wapi na nyumba za nani zibomolewe. Hakuwa meya wala liwali. Mara moja tu, mwaka 1934, aliomba kura za raia ili awe liwali wa jimbo, akashindwa vibaya. Jina lake ni Robert Moses.

Alizaliwa Disemba 18, 1888, New Haven, jimboni Connecticut. Alisoma Yale, kisha Oxford nchini Uingereza, na mwaka 1914 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alianza kazi akiwa kijana mpenda mageuzi: alitaka watumishi wa mji wapande vyeo kwa kupimwa kazi yao, si kwa kujuana. Wanasiasa waliukwamisha mpango huo.

Aliyemwinua ni Al Smith, liwali wa jimbo la New York. Mwaka 1924, Moses alipewa kusimamia bustani za umma za Long Island, chini ya sheria aliyoiandika yeye mwenyewe. Mwaka 1929 alifungua ufuo wa Jones Beach pamoja na barabara za kufika huko, na watu wa mji wakamsifu.

Nguvu ya peaji

Mamlaka yake makubwa yalitoka kwenye daraja la Triborough, linalounganisha Manhattan, Bronx na Queens. Lilifunguliwa Julai 11, 1936, na kila gari lililovuka lililipa senti 25. Kisheria, shirika lililosimamia daraja hilo lilipaswa kufungwa deni la ujenzi likiisha kulipwa, na daraja kurudi mikononi mwa mji.

Moses, aliyeliongoza shirika hilo, alifanya sheria ibadilishwe mwaka 1937. Tangu hapo shirika liliweza kukopa tena na kujenga tena. Waliolikopesha walikuwa na mkataba ambao meya au liwali hakuweza kuuvunja. Pesa za peaji zilikuwa za umma, lakini hazikupita katika bajeti ya mji.

Hivyo ndivyo miradi ilivyochaguliwa. Moses alifika kwa meya akiwa na michoro tayari na pesa tayari. Meya aliyekataa alijua kwamba atabaki bila daraja na bila kazi kwa watu wake. Mwaka 1956, serikali kuu ilipoamua kulipa asilimia 90 ya gharama za barabara kuu za taifa, nguvu hiyo iliongezeka. Barabara na madaraja vilipata pesa, huku treni za chini ya ardhi zikizeeka. Moses mwenyewe hakuwa akiendesha gari. Alikuwa na dereva.

Barua za Disemba 1952

Wakaaji wa East Tremont, mtaa wa wafanyakazi huko Bronx, walilipa bei ya mfumo huo. Disemba 1952 walipokea barua zikiwapa siku 90 kuhama, ili barabara ya Cross Bronx ipite. Katika kipande cha maili moja tu, familia zaidi ya 1,500 ziliguswa.

Wakaaji hawakukaa kimya. Kwa msaada wa mainjinia, walionyesha njia nyingine karibu na bustani ya Crotona ambayo ingebomoa nyumba chache sana. Walienda mara nyingi kwenye ofisi za mji kujitetea. Moses alikataa kusogeza mstari wake, na viongozi waliochaguliwa na raia wakamfuata. Nyumba zikabomolewa.

Hata hivyo, hakushinda kila mara. Mwaka 1939 serikali ya Roosevelt ilizuia daraja alilotaka kati ya Brooklyn na ncha ya Manhattan. Handaki ndilo lililojengwa. Mwaka 1962 raia wa Manhattan, akiwemo mwandishi Jane Jacobs, walifanikisha kukataliwa kwa barabara kuu iliyotaka kukata mitaa yao. Mwaka huohuo alipoteza vyeo vyake vya jimbo baada ya kutofautiana na liwali Nelson Rockefeller. Mwaka 1968 shirika la Triborough liliingizwa katika shirika la usafiri la MTA, na faida ya peaji ikaanza kusaidia treni na mabasi.

Meza ya watu wengi

Sheria ya Marekani ya mwaka 1962 ilidai kwamba, katika miji yenye watu zaidi ya 50,000, jimbo na viongozi wa mahali wapange pamoja barabara zinazoomba pesa za serikali kuu. Moses alifariki Julai 29, 1981, akiwa na miaka 92. Mwaka mmoja baadaye, baraza la usafiri la eneo la New York liliundwa. Humo hukaa mji, wilaya za jirani, jimbo na MTA. Mradi unaotaka pesa za serikali kuu sharti uingie katika orodha ya baraza hilo, na raia hupewa nafasi ya kuisoma na kutoa maoni kabla haijapitishwa.

Njia hiyo ni ndefu, na miradi huchelewa. Familia za East Tremont hazikupata nafasi hiyo.

Ikumbukwe kwamba daraja la Triborough lingali linatumika. Tangu mwaka 2008 linaitwa kwa jina la Robert F. Kennedy, na magari yangali yanalipa peaji.