Bodelschwingh: Mchungaji ambaye jembe lake lilifika Lutindi

MCHUNGAJI Friedrich von Bodelschwingh alifariki dunia nchini Ujerumani Aprili 2, 1910, bila kukanyaga ardhi ya Afrika. Hata hivyo, mtu anayesimama Mkumbara, wilayani Korogwe, na kuinua macho kuelekea Usambara, anaitazama milima ambamo wazo la mchungaji huyo juu ya malezi ya wagonjwa wa akili limedumu kwa zaidi ya karne moja.

Katika safu hiyo ya milima, ndani ya wilaya hiyo hiyo, ndipo ilipo Hospitali ya Lutindi, kituo cha kwanza cha wagonjwa wa akili katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara. Huko wagonjwa hupewa dawa, lakini pia hulima, hutunza mifugo na kuchuma chai.

Bodelschwingh alizaliwa Machi 6, 1831, huko Tecklenburg, Westphalia, katika familia ya kikabaila. Baba yake, Ernst, alikuwa waziri katika serikali ya Prussia, na utotoni Friedrich alicheza na mwana wa mfalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich III.

Pamoja na ukaribu huo na ikulu, kijana huyo alichagua shamba. Alijifunza kilimo na kusimamia mashamba makubwa huko Pomerania, ambako aliona kwa macho yake umaskini wa vibarua wasio na ardhi. Ndipo alipoacha kazi hiyo na kwenda kusomea theolojia.

Mwaka 1858 alianza utumishi jijini Paris, miongoni mwa Wajerumani maskini waliokuwa wakifagia barabara za jiji hilo. Baadaye alirejea nyumbani na kuwa mchungaji wa Dellwig.

Huko Dellwig msiba mzito ulimfika. Mnamo Januari 1869, katika muda wa takriban wiki mbili, yeye na mkewe Ida waliwazika watoto wao wote wanne waliokuwa nao. Wanaoyasimulia maisha yake huutaja msiba huo kuwa chanzo cha huruma yake kwa watu waliokatiwa tamaa.

Mwaka 1872 aliitwa kuongoza nyumba ya watu wenye kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1867. Mahali hapo paliitwa Bethel, yaani Nyumba ya Mungu, na ndipo alipofanyia kazi hadi mwisho wa maisha yake.

Zama hizo, mwenye kifafa au maradhi ya akili aghalabu alifichwa na jamaa zake au kufungiwa. Bodelschwingh hakujenga jumba moja kubwa lenye kuta ndefu. Alijenga nyumba nyingi zilizofanya kijiji, zikiwa na karakana, bustani, mashamba na kanisa. Kila nyumba ilikuwa na walezi waliokaa humo kama baba na mama, na kila mgonjwa alipewa kazi kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwake, kazi ilikuwa njia ya kumrudishia mtu heshima. Imani hiyo ilimfanya mwaka 1882 aanzishe pia makazi ya Wilhelmsdorf, ambako watu wasio na ajira walipata chakula na malazi kwa jasho lao badala ya sadaka.

Kuanzia mwaka 1890 alijihusisha na chama cha misheni kilichokuwa kikituma watu katika koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki. Wamisionari walipanda Usambara, wakajifunza Kishambaa na kukiandika. Mwaka 1896 Lutindi ilianzishwa kuwa makimbilio ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani.

Biashara ya watumwa ilipozidi kufifia, hitaji jingine lilijitokeza. Wagonjwa wa akili walioonekana kuwa hatari waliishia mahabusu, kwa kuwa koloni halikuwa na mahali pa kuwatunza. Kufikia mwaka 1905 Lutindi ilikuwa ikiwapokea, na walezi wake walikuwa mashemasi waliofundwa Bethel.

Wazo lililozaliwa kwa ajili ya wakulima wa Westphalia liliwaangukia wakulima wa Usambara. Mgonjwa wa Kishambaa hakuhitaji mkalimani wa kumweleza maana ya jembe. Kulima, kupalilia na kuvuna ndiyo maisha aliyoyajua kabla ya kuugua, na kuyarudia kulikuwa dalili ya kupona ambayo yeye na jamaa zake wangeweza kuitambua.

Lakini jembe hilo hilo lilikuwa na sura ya pili. Katika miaka hiyo, wanaume wa Usambara Magharibi waliwekewa kadi zilizowalazimu kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne. Mkumbara yenyewe ilikuwa mwisho wa njia ya kamba za chuma iliyoshusha mbao za mierezi kutoka misitu ya Shume hadi relini. Chini ya utawala wa aina hiyo, si rahisi kwa mgonjwa kutofautisha kazi ya tiba na kazi ya amri.

Pengo kubwa zaidi lilikuwa la ndugu. Kwa Washambaa na Wazigua, maradhi ya akili hayakuwa ya mtu mmoja. Ukoo ulikaa, ukatafuta chanzo, ukamwendea mganga, ukafanya tambiko na kupatanisha waliokosana. Wamisionari waliyaona mengi ya hayo kuwa upagani. Mgonjwa aliyetolewa mbali akapelekwa mlimani alipata walezi wema, lakini hakuwa na watu wake wa kumweleza ugonjwa wake kwa namna aliyoielewa.

Ilipita takriban nusu karne kabla pengo hilo halijazibwa kwa mpango wa kitabibu. Mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumwangalia, na kuwashirikisha waganga wa jadi. Baada ya uhuru, Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Mwaka 2002 ikatunga sheria ya kutambua tiba asili na tiba mbadala.

Bodelschwingh hakuyaona hayo. Mwanawe, aliyeitwa Friedrich kama yeye, alirithi uongozi wa Bethel mwaka 1910, na mwaka 1940 alipinga mpango wa utawala wa Hitler wa kuwaua wagonjwa na walemavu.

Kwa upande wa Usambara, Lutindi iko leo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Jembe la mchungaji wa Bethel bado linatumika huko. Yale aliyoyakosa, yaani ndugu, lugha ya nyumbani na heshima kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe, yamebaki kuwa kipimo cha kila hospitali inayompokea mgonjwa wa akili kutoka Mkumbara, Handeni au kwingineko.