Sir Jock Broughton: Kamari Ilimfikisha Wapi?

Leo nawaandikia kutoka Isiolo, mji wa ngamia na vumbi, mahali ambapo zamani lami ya kutoka Nairobi ilikwisha na safari ya Moyale ikawa ya mtu na Mola wake. Nimepanga chumba mtaa wa Kulamawe, nyumbani kwa mama mmoja wa Kiborana. Mwanawe ndiye aliyenikumbusha bwana mmoja wa Kiingereza aliyekufa mwaka 1942.

Kijana huyu ana miaka 23. Mwezi wa Shaabani ami yake alimpa mbuzi 18 awapeleke mnadani. Aliwauza, fedha zikaingia katika simu, na usiku uleule zikateketea katika kubashiri mipira ya Ulaya. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha nikopa mara mbili, ati ni nauli, nami nikampa bila kuuliza. Sasa akawa hali wala hatoki. Siku ya nne akaanza kugawa vitu vyake: redio kwa mdogo wake, viatu kwa jirani. Mama akafurahi kuwa mwanawe amekuwa karimu. Mimi moyo ulinidunda.

Huyo bwana wa Kiingereza ni Sir Henry John Delves Broughton, ambaye rafiki zake walimwita Jock. Alizaliwa mwaka 1883, akasomeshwa Eton, akawa afisa katika kikosi cha Irish Guards. Mwaka 1914 alirithi cheo cha ukoo wao pamoja na shamba la Doddington, katika jimbo la Cheshire. Lilikuwa na ekari 34,000. Msomaji wa Mvita na apige hesabu: kisiwa chake chote kingeingia humo karibu mara kumi.

Ardhi hiyo yote karibu iliishia katika kamari. Sir Jock alipenda farasi, na kila deni lilipoiva aliuza kipande cha shamba. Mtu wa kamari hachezi kwa tamaa tu kama tunavyodhani; mara nyingi hucheza ili arudishe kile alichopoteza jana, na kila anapokifukuza huongeza kingine cha kufukuza. Ifikapo hapo si starehe tena. Madaktari wa leo huihesabu hali hiyo kuwa ni maradhi, jamii moja na uraibu wa ulevi.

Mwaka 1939 lulu za mkewe, Vera, ziliibwa, na picha za thamani zikapotea pia. Sir Jock akadai fidia ya bima. Watu walimshuku kuwa wizi ule aliupanga mwenyewe, na tuhuma hiyo haikumwacha. Hapa ndipo penye hatari kwa mcheza kamari. Akiwa amepoteza chake, ana hasara. Akigusa cha mwenziwe, ana siri, na siri humfungia mtu mlango kwa ndani.

Mwaka 1940 aliachana na Vera, akamwoa Diana Caldwell huko Durban. Diana alikuwa kijana, naye alikuwa na miaka 57. Walipatana kwamba bibi akimpenda mtu mwingine, bwana hatamzuia, bali atamlipa paundi 5,000 kila mwaka. Hata ndoa aliifunga kama anayeweka dau! Wakaja kukaa Karen, nje ya Nairobi, na haukupita muda Diana akapendana na Lord Erroll.

Kumbukeni kwamba siku hizo vita vilikuwa vimepamba moto. Hapa Isiolo magari ya jeshi yalikuwa yakipita kwenda kaskazini kupigana na Wataliani. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Erroll alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, ameuawa kwa risasi. Sir Jock alishtakiwa, na tarehe 1 Julai mahakama ya Nairobi ikamwachilia. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani. Vitabu na sinema vimeshughulika sana na habari ya nani alimwua Erroll, mimi hainishughulishi.

Kinachonishughulisha ni kwamba mtu huyu alishinda kesi ya kunyongwa, kisha akashindwa na maisha. Diana alibaki Kenya. Yeye alirudi Uingereza mwishoni mwa 1942, peke yake, na mwezi Desemba alijiua katika hoteli moja mjini Liverpool. Alikuwa na miaka 59. Mwanawe, Evelyn, alirithi cheo, lakini sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imekwisha uzwa.

Sisemi kamari pekee ndiyo iliyomwua. Mtu hafi hivyo kwa sababu moja. Lakini uchunguzi uliotolewa nchini Sweden mwaka 2018 uliona kwamba waliopatikana na maradhi ya kamari walijiua mara 15 kuliko watu wengine. Sisi Waislamu twajua kuwa kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida, na kuwa kujiua ni haramu. Nachelea kwamba kwa kujua hivyo twanyamaza, na aliyezama haoni pa kupazia sauti. Sheria nayo ilimtisha: aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua kuwa kifungu hicho chapingana na Katiba.

Basi baada ya Magharibi nilimfuata yule kijana chumbani, nikamwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua. Niliogopa kuwa swali lenyewe litamtia wazo. Wanaojua kazi hii wasema halimtii. Alilia sana, akasema ndiyo. Usiku ule hatukumwacha peke yake. Asubuhi tulikwenda naye hospitalini, kisha mimi na mzee mmoja wa msikitini tukamfuata ami yake. Ami alifoka mpaka adhuhuri. Halafu akauliza mtoto amekula nini.

Sasa anachunga mbuzi wa ami yake kulipa wale 18, na kliniki huenda. Simu yake imo sandukuni mwa mama. Redio ameirudishiwa, viatu jirani amekataa kuvitoa.